Nimehamishiwa Njombe, kabati ni la Dar: nivaeje nisitetemeke na bado nipendeze?

Binti_Kigamboni:

Wakuu habari zenu. Kituo kipya ni Njombe mjini, naripoti wiki ya kwanza ya Juni, yaani katikati ya baridi yenyewe. Kazi ni ya ofisini, siku mbili kwa wiki natoka kwenda vijijini. Sitaki kununua kabati jipya, nina 60,000 tu ya kuongezea. Vilivyopo ni hivi:

Magauni 4 ya kitenge, yote bila bitana (mawili mikono mifupi, moja kata mikono, moja mikono ya robo tatu). Sketi ya penseli nyeusi na sketi ya pleti ya damu ya mzee. Suruali za kitambaa 2, nyeusi na kijivu. Jinzi 2. Mashati 3: jeupe, la bluu mpauko na la jinzi. Bleza moja ya nevi bluu. Sweta moja la vifungo mbele, la krimu. Taiti nyeusi 3. Mitandio mitano, kanga jozi tatu, shuka moja la Kimasai. Viatu: flati nyeusi, raba nyeupe, vya kisigino na sandali.

Naomba mnipangie vinavyoendana. Ninachoogopa ni kuvaa kila kitu kwa pamoja nikaonekana gunia la viazi. Na vitenge je, nivifungie sandukuni hadi Oktoba?

---

Fundi_Bitana:

Hongera kwa uhamisho, dada. Kabati lako halijapungukiwa sana. Limekosa kitu kimoja tu: nguo ya kukaa kwenye ngozi. Nitarudi hapo.

Kwanza elewa baridi ya Njombe ilivyo. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, saa 12 asubuhi unaweza kukuta chini ya nyuzi 10 na ukungu juu yake, halafu saa 7 mchana jua linawaka na watu wanavua. Ndani ya ofisi hakuna cha kupasha joto, kwa hiyo aliyekaa kwenye kiti anapata baridi kuliko anayetembea nje juani. Nguo za huko lazima zivulike moja moja bila kuharibu muonekano. Ukivaa fulana iliyochoka chini ya koti zuri, mchana ukilivua umeumbuka.

Pili, nguo haina joto lake. Joto ni la mwili wako, na kinacholizuia lisitoroke ni hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo. Ndiyo maana nguo tatu nyembamba zinazopeana nafasi zinashinda jaketi moja nene lililobana. Mpangilio wake: ya kwanza nyembamba na ya kushika mwili, ya pili laini yenye kubeba hewa, ya tatu iliyosukwa kwa kubana ili izuie upepo. Sweta lako la krimu likiwa juu kabisa halisaidii kwenye upepo, unapenya kwenye matundu ya ufumaji kama hujavaa kitu. Weka juu yake kitu chochote kilichosukwa, hata kanga iliyokunjwa mara mbili, utaona tofauti.

Sasa hiyo nguo ya ngozi. Tafuta vitopu viwili vya mikono mirefu vya kushika mwili, kimoja cheusi na kimoja cha krimu. Visiwe vya pamba tupu. Pamba inanywa jasho na inachelewa kukauka, na ukipanda kilima ukatoka jasho halafu ukakaa ofisini, hiyo fulana inageuka kitambaa cha maji mgongoni. Mchanganyiko wenye poliesta ni afadhali, sufu nyembamba ndiyo bora kuliko zote.

Mipangilio kwa vitu ulivyonavyo:

Suruali ya kijivu, kitopu cha krimu chini, shati jeupe, bleza ya nevi, mtandio wa damu ya mzee shingoni. Hii ndiyo ya kikao na wakubwa. Usiingize sweta ndani ya bleza hiyo. Bleza za Dar hukatwa za kuvaliwa juu ya shati tu, tundu la mkono ni dogo, sweta litajikusanya kwapani na mabega yatapanda kama umeshtuka. Kipimo: vaa vyote, funga kifungo, finya kitambaa ubavuni usawa wa kifua. Usipopata kama sentimita 4 za kufinya, toa kitu kimoja.

Sketi ya pleti, taiti nyeusi, flati nyeusi, sweta la krimu limefungwa vifungo vyote likiwa ndilo blauzi, kitopu cheusi ndani. Usilichomeke, maana ufumaji wake utatuna kiunoni. Kunja ule ukingo wa chini kwa ndani, sentimita 5 hivi, liishie pale sketi inapoanzia. Pleti zinapanuka, kwa hiyo juu lazima pawe pamepungua. Kanuni yangu ni hiyo hiyo kila mahali: kitu kimoja tu kinapwaya, kingine kinashika mwili. Gunia la viazi linatokea pale juu kunapopwaya na chini kunapwaya.

Sketi ya penseli na shati la jinzi kama jaketi, limeachwa wazi juu ya kitopu cheusi. Ijumaa tu. Shati la jinzi limesukwa kwa kubana, linazuia upepo vizuri kuliko watu wanavyolidhania.

Gauni la kata mikono ndilo bahati yako kubwa. Shati la bluu mpauko ndani, kola nje, mikono imekunjwa mara moja tu au imefungwa kwenye kifundo cha mkono. Linakuwa vazi jipya kabisa. Magauni ya mikono mifupi yanachukua kitopu chini, lakini angalia shingo: ama kitopu kionekane sawasawa pande zote, kama sentimita 2, ama kisionekane kabisa. Kikichungulia upande mmoja watu watadhani umevaa gizani. Na rangi ya kitopu ichukue rangi ya ardhi ya kitenge, siyo ya maua yake.

Vya kisigino na sandali, acha Dar.

---

Mkinga_Halisi:

Mnamzungusha dada wa watu. Anunue koti moja zito la mtumba, refu hadi magotini, avae juu ya chochote, kazi imekwisha. Huku watu wanaishi hivyo miaka yote.

---

Fundi_Bitana:

Mkuu, koti zito linafanya kazi mlangoni hadi ofisini. Baada ya hapo? Ukilivua unabaki na blauzi ya Dar, usipolivua unatoka jasho saa 6 mchana na jasho lile lile linakugandisha saa 11 jioni. Angekuwa anakwenda Makete upande wa Kitulo, ambako asubuhi nyingine nyasi zinakuwa nyeupe kwa jalidi, ningekuunga mkono. Kwa Njombe mjini, tabaka kwanza, koti baadaye akipata mshahara.

Na urefu uangaliwe. Koti linaloishia juu ya pindo la sketi kwa sentimita 10 linaleta ngazi mbaya machoni. Ama lifunike sketi yote, ama liishie nyongani.

---

Mama_Cherehani:

Nianzie kwenye vitenge, maana mwenzangu amepita haraka. Usivifungie. Kitenge kimesukwa kwa kubana, upepo haukipiti kirahisi. Udhaifu wake ni kwamba kinalala moja kwa moja kwenye ngozi na hakiachi hewa, halafu kinaganda kwenye taiti ukitembea. Vyote viwili vinatibika.

Tiba nyepesi ni shumizi. Vaa shumizi ya kitambaa cha kuteleza, kama satini, kati ya taiti na gauni. Gauni litashuka vizuri, halitapanda mapajani, na umeongeza tabaka bila mtu kujua. Ikiwa shumizi nayo inashikana na taiti kwa umeme wa nguo, paka losheni miguuni kabla ya kuvaa taiti, au pitisha mkono wenye unyevu kidogo ndani ya shumizi.

Tiba ya kudumu ni bitana. Kwa gauni la kufika magotini, saizi ya kawaida, bitana ya upana wa mita 1.5 inatosha mita 2 kwa kiwiliwili. Mwambie fundi haya, maana wengi wanayaruka:

Bitana ishonwe mabegani, shingoni na kwenye zipu tu. Pindo la chini liachwe huru, na bitana iwe fupi kuliko gauni kwa sentimita 2 hadi 3. Wakiziunganisha chini, siku moja kimojawapo kitaruka majini, yaani kitasinyaa, na pindo litavimba kama limepigwa pampu.

Bitana iwe na nafasi zaidi ya gauni. Ongeza sentimita 1 kila ubavu na uweke pleti ndogo katikati ya mgongo, ya sentimita 2. Usipofanya hivyo, bitana inachanika mgongoni au kwapani siku ya kwanza unaponyoosha mkono kuchukua faili.

Kama bitana ni ya pamba, iloweke kwenye maji ya vuguvugu, ianike, ipige pasi, ndipo ikatwe. Magauni yako yameshafuliwa mara nyingi, yameshamaliza kuruka. Bitana mpya bado haijaruka.

Gauni ambalo tayari linabana nyongani usiliwekee bitana. Hilo ni la shumizi.

Mikono haihitaji bitana nene. Weka satini, vinginevyo kitopu kitapanda hadi kiwiko kila unapovaa.

Halafu kuna jambo watu wa nyanda za juu wanalipenda na wa Dar hawalijui: kizibao cha kitenge chenye blanketi ndani. Unakivaa juu ya shati au juu ya sweta, mikono iko huru, kwapa halibanwi. Kinataka kitenge mita 1.5 (hicho ni chini ya theluthi moja ya doti ya yadi 6), bitana kiasi hicho hicho, na kipande cha blanketi jepesi la flisi, hata la zamani, mradi halina matundu.

Namna ya kukishona: tandaza bitana uso chini, blanketi juu yake, kitenge juu kabisa uso ukikutazama. Piga pini kuanzia katikati kwenda pembeni, kila baada ya kiganja kimoja. Chora mistari kwa chaki, umbali wa sentimita 8 kati ya mstari na mstari. Sasa sikiliza vizuri. Mshono wa kwanza upite katikati kabisa, wa pili kulia kwake, wa tatu kushoto, unatoka hivyo hadi pembeni. Ukianzia pembeni moja, mguu wa cherehani unasukuma kitenge mbele yake huku meno ya chini yakivuta bitana na blanketi, na ukifika upande wa pili una kitenge kilichozidi vidole vitatu na mikunjo isiyotoka hata kwa pasi. Refusha hatua ya mshono hadi milimita 3.5 au 4, na legeza mguu kidogo kama cherehani lako linaruhusu.

Kata umbo la kizibao BAADA ya kushona mistari, siyo kabla. Mistari inakula sentimita 2 au 3 za kitambaa. Aliyekata kwanza atapata kizibao cha mdogo wake. Tundu la mkono liongeze sentimita 2 kuliko la blauzi, urefu uishie juu ya mfupa wa nyonga. Kingo zimalizie kwa utepe wa kitambaa uliokatwa mshazari, upana sentimita 4, rangi moja isiyo na maua. Utepe mweusi unakipa kitu sura ya duka.

Kizibao hicho na suruali nyeusi, shati jeupe, kwisha habari.

---

Soli_Moja:

Hakuna aliyegusa miguu na ndiko baridi inakoanzia, hasa kwa ofisi za sakafu ya saruji.

Flati zina soli nyembamba, sakafu inanyonya joto moja kwa moja. Weka soli ya ndani. Ya sufu iliyogandamizwa ni nzuri, ukikosa chora nyayo zako kwenye kipande cha blanketi zito na kingine kwenye boksi gumu, boksi chini, blanketi juu, gundi tone moja kisiginoni. Boksi libadilishwe likilowa. Unene usizidi milimita 4, kiatu kikibana damu haipiti vizuri na vidole vinapoa zaidi. Kosa hilo hilo ni la wanaovaa soksi jozi mbili kwenye kiatu cha saizi yao. Soksi moja nzuri yenye nafasi ya kuchezesha vidole inashinda mbili zilizobanwa.

Raba nyeupe: ni za safari za kijijini siku kavu, na jinzi. Matundu ya mbele yanapitisha umande. Asubuhi ya nyasi zenye umande utafika ofisini na soksi mbichi, kwa hiyo beba jozi ya pili mkobani. Zikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa moja au mbili. Usiziweke ubavuni mwa jiko la mkaa: gundi inaachia na soli inajikunja. Tena mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua watu, hilo si la kurudia.

Kwa muonekano, taiti nyeusi na kiatu cheusi vinafanya mguu uwe mstari mmoja mrefu. Taiti nyeusi na raba nyeupe chini ya gauni la kitenge inapendeza pia, ila soksi zisionekane, au zionekane kwa makusudi, zikunjwe juu ya kifundo. Taiti ikipauka magotini ikawa ya kijivu, ishushe daraja iwe ya kuvaa ndani ya suruali.

Na taiti ndani ya suruali ya kitambaa: finya suruali pajani kwanza. Kama huna sentimita 3 za kufinya, utatembea kama umefungwa kamba na magoti ya suruali yatatuna jioni.

---

Kaka_Tai:

Na sisi wanaume tusaidiwe basi. Nina suti moja, mashati, jinzi na sweta la shingo ya V. Nipo Mafinga.

---

Fundi_Bitana:

Kaka, wewe una kazi ndogo. Fulana ya ndani ya mikono mirefu yenye shingo ya V, siyo ya duara, isichungulie kwenye kola. Shati, tai, sweta la V, koti la suti. Sweta liwe jembamba. Ukiona vifungo vya koti vinavuta na kutengeneza X tumboni, acha koti wazi au vua sweta. Fundo la tai lifanye dogo, maana sweta linalisukuma juu.

Koti na suruali za suti si lazima ziende pamoja kila siku. Koti la suti ya kijivu au nevi linakubali jinzi ya bluu iliyokoza isiyochanika. Lile jeusi linalong'aa usilijaribishe na jinzi, linaonekana umesahau suruali nyumbani.

Mkono wa shati uonekane kama sentimita 1 nje ya koti. Ukiongeza fulana ndani shati huwa linapanda, kwa hiyo vuta kikofi cha shati kabla ya kuingiza koti. Skafu ikae ndani ya koti ikijaza ile V ya kifua, hapo ndipo upepo unaingilia.

---

Robota_Freshi:

Dada kwa 60,000 yako usinunue koti. Nunua hivi: vitopu viwili vya ndani, sweta moja jembamba la sufu la shingo ya duara, soksi nene jozi mbili. Mitumba bei inategemea siku ya kufungua robota na mdomo wako, lakini kiasi hicho kinatosha usipokurupuka. Kama unapita Mbeya, soko la Mwanjelwa kuna sweta nyingi kuliko Karume ya Dar, kwa sababu wateja wa sweta wako huko. Na Dar yenyewe sweta nzuri huwa rahisi, hakuna anayezigombania.

Kuijua sufu: soma lebo ya ubavuni. Mitumba mingine inatoka Ulaya, kwa hiyo usitegemee Kiingereza tu. Tafuta maneno *wool*, *laine*, *lana* au *Wolle*, na asilimia yake. Kuanzia 50 kwenda juu ni mali. Ikiandikwa *acrylic* 100% hilo si sufu, huenda hata hilo la krimu ulilonalo ni hivyo. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani uuchome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kubaki tone gumu jeusi. Muombe muuzaji kwanza, usije ukaletewa ugomvi.

Kagua kwapa na viwiko ukilinyanyulia juani. Nondo wa nguo anaacha matundu madogo ya kichwa cha pini, na ukiyaona matatu jua yapo kumi. Sweta la sufu lililogeuka gumu kama zulia limeshafuliwa kwa maji ya moto, halirudi. Liache.

Rangi: tayari una nevi, nyeusi, kijivu, krimu na damu ya mzee. Hizo tano zinakaa zote pamoja. Ukinunua sweta la zambarau kwa sababu ni rahisi, litakaa peke yake kabatini hadi uhame tena. Chukua la kijivu, la damu ya mzee au la ugoro.

---

Binti_Kigamboni:

Jamani asanteni sana, nimenakili kila kitu. Maswali mawili ya mwisho. Moja, siku za vijijini napanda bodaboda asubuhi, nusu saa au zaidi. Mbili, hili shuka la Kimasai linaweza kuingia ofisini au ni la kitandani tu?

---

Mama_Cherehani:

Bodaboda ni habari nyingine kabisa, hapo adui ni upepo. Bleza haitoshi, iko wazi kifuani. Kitopu, shati, sweta la krimu, halafu shati la jinzi juu likiwa limefungwa hadi shingoni. Kama una koti la mvua hata lile jepesi la plastiki, hilo ndilo liwe la juu kabisa, ulivue ukifika kabla hujaanza kutoka jasho ndani yake. Kanga ikunje mara mbili kwa urefu, izungushe kifuani juu ya shati na chini ya sweta, uichomeke. Hiyo inazuia upepo kwenye mbavu, na ukifika unaitoa unakuwa na kanga ya kujifunga. Jinzi juu ya taiti. Mtandio zungusha mara mbili shingoni, ncha zote ziingie ndani ya nguo. Ncha zinazopepea nyuma ya pikipiki ni hatari, zinaweza kunaswa na gurudumu.

Sehemu tatu ambazo upepo unaingilia kirahisi ni shingo, kifundo cha mkono na kifundo cha mguu. Mikono ya shati ikiwa mipana, kata mpira wa soksi chakavu, upana wa vidole viwili, uuvae kama bangili juu ya kikofi cha kitopu. Hauonekani.

---

Fundi_Bitana:

Shuka linaingia ofisini, lakini liwe ndilo lenye sauti peke yake. Nyeusi tupu chini yake: suruali nyeusi, kitopu cheusi, flati. Usilichanganye na kitenge cha maua, miraba na maua vitapigana.

Tatizo la shuka ni ukubwa. Ukilitupia begani lote linakula nusu ya mwili. Likunje mshazari liwe pembetatu, halafu ile ncha ya mgongoni ikunje ndani hadi usawa wa kiuno. Tupa begani, ncha moja iwe ndefu kuliko nyingine kwa kiganja, pitisha mkanda mwembamba kiunoni juu ya ncha zote mbili. Mkanda unalituliza ukiinama mezani, na kiuno kinarudi. Ukiona nyuzi za pindo zinanasa kwenye kiti, zifunge vifundo vidogo.

Mashuka mengi ya sasa ni akriliki. Lina joto, ila liweke mbali na moto wa jiko.

---

Soli_Moja:

Nyongeza ya kufua, maana huko nguo hazikauki kwa nusu saa kama Kigamboni. Siku ya ukungu sweta linachukua siku mbili. Fua asubuhi ya siku yenye jua, maji baridi, sabuni kidogo ya maji. Usilikamue kwa kulisokota. Lilaze juu ya taulo kavu, viringisha vyote pamoja kama mkeka, kanyaga, taulo linanywa maji. Kisha lianike likiwa limelala bapa. Ukilitundika kwenye kamba likiwa limebeba maji, mikono itafika magotini.

Lile la krimu litaota vipele vya nyuzi kwapani na ubavuni panaposuguana na mkoba. Wembe wa kunyolea wa plastiki uliochoka kidogo, nyoosha kitambaa mezani, pitisha taratibu kuelekea upande mmoja. Wembe mpya usiutumie, unakata na ufumaji.

---

Kaka_Tai:

Mama Cherehani, kile kizibao cha kitenge kwa mwanaume tundu la mkono unaongeza ngapi?

---

Mama_Cherehani:

Sentimita 3, na mbele weka zipu badala ya vifungo. Blanketi limeongeza unene, tundu la kifungo litavutwa hadi lichanike.